Kamba Aliyevua Gamba na Jirani Yake Kaa

Katika tangi la kioo, sebuleni kwa watu, aliishi Kamba mwenye ngumi za kupasua konokono, na majirani wote walimwogopa. Siku ya kuvua gamba ikafika, mwili ukabaki laini kama ute wa yai. Kaa angembana kwa gando mara moja tu, basi, kwisha habari yake. Akajificha shimoni, akaziba mlango kwa kokoto.

Siku ya tatu Kaa akaja kuchungulia. "Bwana mkubwa, mbona kimya? Unaumwa?"

Mwili wa Kamba ulikuwa bado laini, lakini mdomo wake haukulainika. "Nina njaa tu. Karibu ndani."

Kaa hakusadiki, akaondoa kokoto moja. Kamba akasukuma mbele lile gamba tupu, ngumi zake zikiwa bado zimekunjwa. Kaa akaziona mbele ya macho yake.

"Shikamoo, bwana mkubwa! Nilikuja kukujulia hali tu!"

"Marahaba. Rudisha kokoto yangu."

Kaa akairudisha, akaongeza nyingine tatu, kisha akaenda zake upande upande, mbio.

Kamba akashusha pumzi, akatafuna gamba lake kuukuu, akalala fofofo.