Chiriku na Kivuko

Chiriku hajawahi kulowesha hata ukucha, lakini wimbo wake wa kuvuka mto uliwaliza wanyama wote wa bondeni. Mwaka mmoja nyasi za upande wao zikaisha, ikabidi wahamie ng'ambo, na mto umefura. Swala wakamwendea mbio.

"Bwana Chiriku, tuvushe. Nani aujuaye mto kama wewe?"

Sifa zikamlevya. Akatangulia angani, akawachagulia palipopendeza, maji yametulia yakimeremeta. Swala wa kwanza akaingia, akazama mpaka pembe. Kiboko ndiye aliyemsukuma kwa pua hadi ukingoni.

"Piteni pale penye mwamba, maji yanapopiga kelele," Kiboko akanguruma. "Hayavuki magoti." Wakapita, wote salama.

Chiriku akabaki juu ya tete, kichwa chini. "Nisamehe, mzee. Mto unaujua wewe. Mimi maneno hunijia tu, hata sijui yatokako. Sitauimba tena."

Kiboko akasogea karibu na tete. "Ule ubeti wa mama anayevuka bila kugeuka, kwa kuogopa kuona ni watoto wangapi bado wanamfuata. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mzee."

"Mimi nimezaliwa humu, nakijua kila kijiwe. Kila mwaka nawaona akina mama wa makundi ya mbali wakipita hivyo, shingo ngumu, na miaka yote nilidhani ni kiburi."

Akazama taratibu, yakabaki macho.

"Imba, mwanangu. Ila njia usimwonyeshe mtu."