Mwiko wa Mkono wa Kushoto

Miko miwili ilikuwa mezani kwa fundi Kombo, na Mwanahawa na mdogo wake Salha hawakugusa hata mmoja. Asubuhi walikuwa wameleta mmoja tu, ule wa mama yao, uliolika upande kwa sababu marehemu alisonga ugali kwa mkono wa kushoto. Tangu arubaini yake walikuwa wakiugombania.

Fundi aliuweka ndani ya mashine yake, ambamo vijimashine visivyoonekana kwa macho vilijenga wa pili, atomu moja baada ya nyingine, pamoja na alama ya moto na ufa wa mpinini.

"Upi wenyewe, fundi?" Mwanahawa aliuliza.

Kombo alishika kichwa. Kwao ni aibu kumkabidhi mtu chombo kichafu, naye alikuwa ameiosha yote miwili katika beseni moja.

"Nisameheni, dada zangu. Sijui tena. Hata mashine haijui."

Salha alinusa mmoja, akanusa na mwingine. Kisha akausukuma mmoja upande wa mwenzake.

"Chukua huu, dada. Huenda ndio."

"Na kama ndio, wewe utabaki na nini?" Mwanahawa akaurudisha. "Chukua wewe, mdogo wangu."

Jioni walisonga ugali katika sufuria moja, kila mtu na mwiko wake, na wote wawili, bila kuambizana, kwa mkono wa kushoto.