Madoa Meusi

Zuhena aling'oa kila mnyanya wenye madoa meusi, akautupa motoni. Ugonjwa ulikuwa umeshamaliza bustani za mji mzima; yake tu ndiyo iliyobaki.

Shangazi yake aliuona moshi, akaja mbio. "Mwanangu, umefanya nini? Minyanya hiyo ndiyo iliyousikia ugonjwa ukiingia! Jani huua nyama yake lenyewe pale ugonjwa ulipogusa, ili usipate njia ya kupita. Lile doa ni kaburi la ugonjwa."

"Na hii isiyo na doa, shangazi?"

Shangazi akamwonyesha kwa kidole minyanya iliyosalia. Zuhena akapiga magoti, akafunua jani zuri la kijani. Chini yake ukungu mweupe, ugonjwa wenyewe, ulikuwa umetanda kama unga.

Akaugeukia moto. Katikati ya makaa, mche mmoja wenye madoa ulikuwa bado mbichi.

Akatia mkono.