Jenereta ya Mnara wa Saba

Umeme ulikuwa umekatika kule kilimani tangu asubuhi, na mnara wa simu wa saba ulikuwa unaishi kwa betri. Mwajabu, msimamizi wa zamu wa mtandao, alikuwa akitazama asilimia zikishuka kwenye skrini simu ya mezani ilipolia.

"Mwajabu mwanangu, ni mimi, Kilindo. Binti yangu ameshikwa na uchungu na mkunga hajapokea simu. Betri ya mnara wetu ikiisha nitampataje? Nitumie jenereta."

Mzee Kilindo alikuwa mkuu wake kabla ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwajabu. Jenereta ilikuwa uani, imejaa mafuta, haina kazi. "Hebu nikusomee kitu."

Karatasi ya kanuni za jenereta ilikuwa bado ukutani, imegeuka manjano. Aliisoma polepole, kama anayemsomea mtoto. Mnara wenye wateja chini ya mia tano haupelekewi jenereta. Usubiri umeme.

"Huko kwenu mko mia tatu," alisema. "Kijijini kwa mama tulikuwa mia nne. Alikufa na simu mkononi, anatafuta mtandao. Nilipokuomba jenereta ulinisomea karatasi hii hii."

"Ilikuwa kazi, mwanangu."

"Na hii ni kazi. Ngoja nimalizie, bado saini yako."

Kwenye skrini mnara wa saba uligeuka mwekundu, na simu ikakatika.

Mwajabu alibaki na mkonga wa simu sikioni. Katika kiganja cha pili zilikuwamo funguo za gari la jenereta, zimelowa jasho, na hakukumbuka alizichukua saa ngapi.