Kasuku na Gunia la Mahindi

Zama hizo wanyama walikuwa wameshaanza kuombana kazi kwa barua. Tembo alitafuta wa kumbebea mahindi kutoka shambani, na Punda akaandika: "Nabeba magunia. Sichoki."

Kasuku, aliyekuwa akiwaandikia wenzake barua, aliisoma kabla haijapelekwa, akacheka. "Ndugu yangu, nani atakuajiri kwa maneno makavu hivi?" Akafuta yote, akaandika: "Mtaalamu wa usafirishaji, mwenye weledi, ari na ubunifu."

Tembo aliipenda mno barua ile, akamwita Punda. Kasuku akaja naye, amekaa mgongoni mwake.

"Huo weledi wako ukoje?" Tembo akauliza.

Punda akababaika. Kasuku akajibu badala yake, tena kwa ufasaha hata Tembo akamwambia Kasuku, "Basi kazi nakupa wewe."

Punda akafoka, "Mzee, mgongo wangu umejaa makovu ya magunia, nawe unaajiri mdomo?"



Kesho yake Punda alipita shambani, akamkuta Kasuku anahangaika kulivuta gunia, halisogei hata kidogo.

"Ndugu yangu, nisaidie."

Punda hakusimama. "Libebe kwa weledi," akasema, akaenda zake.