Kibodi ya Baba

Katika mwili mzima wa Baba, kope ya jicho la kulia ndiyo pekee iliyokuwa bado inamtii. Binti yake, fundi wa programu, alibandika waya mwembamba kwa plasta pembeni mwa jicho hilo.

Kompyuta haikuijua kope. Kwa hiyo akatunga amri zake mwenyewe, za kuandikwa kwenye skrini nyeusi: moja ya kukiomba kiini cha mfumo wa kompyuta kiunde kibodi isiyoshikika, ya kubonyezwa kwa kope, nyingine ya kuifuta kibodi hiyo. Kiini kiligoma mara nyingi. Jioni hiyo kikakubali.

"Baba, herufi unayoitaka ikiwaka, pepesa. Sema chochote."

Kope ikashuka, ikatetemeka, ikapanda. Chozi likateleza hadi sikioni. Binti akalipangusa kwa kidole gumba, taratibu, asije akaugusa waya. Herufi zikajipanga moja moja, naye akizisoma huku moyo ukimwenda mbio kwa furaha.

Nimechoka mwanangu. Niacheni niende.

Akaisoma tena tangu herufi ya kwanza.

"Dada, imekubali?" Mdogo wake alikuwa mlangoni, anavua viatu. "Kasema nini?"

Binti akasimama mbele ya skrini, akaiziba kwa mgongo. "Anauliza kama umekula."

"Jamani, Baba!" Kijana akacheka huku macho yakimlengalenga, akaenda kuketi kitandani, akaushika ule mkono usioshika.

Kope ilikuwa imeanza tena kushuka.

Binti akageuka, akaandika amri ya kuifuta kibodi. Kiini kikatii papo hapo, bila kuuliza.