Sauti ya Mbwana

Miaka hiyo marehemu waliruhusiwa kuacha programu moja ya kuzungumza na jamaa zao. Faili la Mbwana lilipofika, mjane wake Sikudhani alilipeleka kwanza kwa Kulthum, mkaguzi wa programu pale mtaani. Kulthum alilifungua kwenye kompyuta isiyo na mtandao.

“Siku, mke wangu,” ikasema sauti ya Mbwana. “Umeshakula? Nitajie neno la siri la nyumba.”

“Ni virusi, dada,” Kulthum alisema. “Wameiba sauti yake. Ukiiingiza nyumbani, itawafungulia wezi. Nifute?”

“Usifute. Nirudishie.”

Jioni Sikudhani alikaa sebuleni akizungumza nayo. Mlango wa mbele ulipofunguka wenyewe, hakugeuka kutazama.